Kibaraza cha Futi Nane kwa Nne

Habari kwamba watu wa Homa Bay wangekuja kumwona Mourine ziliwafikia wazazi wake wiki tatu kabla ya siku yenyewe, na badala ya kuleta furaha zikaleta mjadala wa viti. Sebuleni mwa Dalmas Aguko mlikuwa na kochi moja ambalo springi zake zilikuwa zimeshatoboa kitambaa, viti viwili vya mbao, na stuli ya jikoni. Wageni wangekuwa kumi na mmoja. Mbele ya nyumba hapakuwa mahali pa kumweka mtu wa heshima, kwa maana hapo ndipo ilipopita barabara ya murram iendayo Migori mjini, na matrekta ya miwa yalipita kutwa yakiwaachia watu vumbi jekundu kwenye chai, kwenye nywele na kwenye meno.

Dalmas alisema wageni watakaribishwa nyuma. Mkewe, Phelesia, alidhani anatania. Nyuma palikuwa na jiko la kuni, kamba ya nguo, mparachichi mmoja na ua la minyaa. Lakini Dalmas alikuwa ameshachukua daftari lake na kalamu ya risasi. Alikuwa amepika miaka ishirini na sita katika nyumba ya meneja wa shamba la chai huko Kericho, na jioni baada ya kuosha sufuria alikuwa akienda darasa la ngumbaru hadi akajua kusoma, kuandika na kupiga hesabu za eneo. Mwaka uliopita shamba lilikuwa limepunguza watu, naye akarudi nyumbani na sanduku moja, futi ya kupimia, na maoni mengi.

Sasa akachora. Sakafu ya simiti, futi kumi na nne kwa kumi na mbili, iliyoinuliwa ili maji ya mvua yasiingie. Nguzo nne na mabati juu. Mawe yaliyopakwa chokaa kandokando, na maua. Nyuma ya nyumba ya meneja palikuwa na mahali kama hapo, na Dalmas alikuwa amebeba trei za chai kwenda hapo mara nyingi kuliko alivyoweza kuhesabu.

"Mama Mourine," alimwambia mkewe, "mgeni hukaribishwa na mahali kabla hajakaribishwa na mwenyeji. Mahali pakimkataa, wewe mpikie hata kuku kumi, ataondoka na njaa."

Phelesia hakubisha. Alijua wageni hawa si wageni wa kawaida. Mourine alikuwa na miaka ishirini na sita, mpiga chapa katika ofisi ya ushirika kule Homa Bay. Mwezi wa Agosti alishikwa na homa ya matumbo, akalala wiki sita, nywele zikamtoka na nguo zikamning'inia. Miaka hiyo mtu akikonda, midomo ya watu ilimzika kabla hata ya kupimwa. Mourine alipona, akanenepa, akarudi kazini, lakini maneno yalikuwa yameshatangulia. Ni Levis tu, karani wa idara ya uvuvi, ambaye hakuyajali. Alimtembelea hospitalini na machungwa, na alipotoka akasema bado anamtaka. Lakini baba yake Levis alikuwa amefariki, na neno lilikuwa mkononi mwa ami yake, mzee Wangwe. Naye Wangwe alikuwa amesema wazi kwamba hatatoa hata ng'ombe mmoja kabla hajaliona boma hilo na binti huyo kwa macho yake mwenyewe.

Ndiyo maana Phelesia aliuza mbuzi wawili bila kunung'unika.

*

Mbuzi wawili, baada ya kununua mabati mawili na misumari, walibakiza pesa za mifuko mitatu ya simiti. Daftari la Dalmas lilisema saba. Mfuko ulikuwa shilingi mia nne na ishirini, na haukuwa na huruma.

Walikwenda pamoja dukani kwa Noordin, karibu na stendi ya Migori. Dalmas alivaa koti. Aliomba mifuko minne kwa mkopo, kwa sauti ya chini ya mtu ambaye hataki wengine wasikie, na kwa sababu hiyo wengine wote wakanyamaza wasikie.

"Mzee Dalmas, wewe nakuheshimu," Noordin alisema. "Lakini nikikupa wewe leo, kesho nitampa askari, kesho kutwa mwalimu, halafu mimi nitafunga duka niwe nazunguka kudai. Unajenga nini lakini?"

Dalmas akafungua daftari juu ya kaunta. Noordin alilitazama kwa makini, tena kwa kupendezwa, akamwita mkewe Hodan kutoka nyuma aje aone. Alimwambia huyu mzee anajenga mahali pa kupunga upepo, kama watu wa Mombasa. Hakukuwa na ubaya katika maneno yake. Lakini mtu mmoja aliyekuwa akinunua kitasa aliuliza kama bahari nayo italetwa na lori, na duka zima likacheka. Dalmas alifunga daftari polepole. Phelesia alitazama ncha za viatu vyake.

Walipokuwa wanatoka, Noordin aliwakimbilia na debe la chokaa lililobaki nusu. Alisema hiyo ni zawadi ya harusi, wasilipe kitu. Phelesia aliipokea kwa mikono miwili na kumwombea baraka.

Mvua ya usiku ule ilipenya kwenye paa la jiko, mahali mifuko ilipokuwa imelazwa chini. Asubuhi mmoja kati ya mitatu ulikuwa umeshika, nusu yake jiwe tupu. Fundi Gisiri, Mkuria aliyekuja kutoka upande wa Isebania na mwiko wake kiunoni, aliugonga kwa teke, akasikiliza ulivyolia, akatikisa kichwa.

Walikaa chini kupiga hesabu upya. Gisiri alisema anaweza kumwaga sakafu kubwa, lakini iwe nyembamba kama chapati, nayo itapasuka kabla wageni hawajamaliza soda. Dalmas hakupenda kazi mbovu. Alifuta kwa raba, akachora, akafuta tena. Kumi na mbili kwa kumi. Kumi kwa nane. Mwishowe, kwa unene unaofaa na kimo cha futi moja juu ya ardhi, simiti iliyokuwapo ilitosha futi nane kwa nne.

"Hapo wazee wanne watakaa," Dalmas alisema. "Wengine watakaa kwenye nyasi. Kidogo kizuri kinashinda kikubwa kibovu. Mwakani tutaongeza."

Gisiri alipima kwa kamba, akapiga vigingi vinne, akarudi nyuma hatua mbili kutazama.

"Mzee, hapa mtu mmoja analala vizuri kabisa," alisema akicheka. "Wa pili atafute kwao."

Alicheka peke yake. Phelesia, aliyekuwa akipasua kuni, alihisi shoka limekuwa zito mkononi, lakini hakujua kwa nini, akaendelea kupasua.

Kazi ilikwisha kwa siku tatu, na ilikuwa kazi nzuri. Kingo zilinyooka. Nguzo nne zilisimama wima, mabati mawili yakakaa juu. Pande zote zilipakwa chokaa ya Noordin mpaka zikang'aa, na Dalmas akapanda maua mekundu aliyoomba kwenye uwanja wa kanisa. Gisiri alipokwenda kunawa, Dalmas alipiga magoti ukingoni mwa simiti iliyokuwa bado mbichi, akachukua msumari wa inchi sita, akaandika kwa herufi kubwa, kwa mwandiko ule ule uliomletea sifa darasani.

*

Asubuhi Phelesia alikwenda nyuma kuwasha moto, akakuta jina la mwanawe.

MOURINE
14-12-1996

Simiti ilikuwa imekauka. Tarehe ile ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, siku ya wageni. Dalmas alikuwa amemweleza zamani kwamba kwenye ngazi ya nyumba ya meneja kulikuwa na jina la binti wa meneja na mwaka, na kila mgeni alisimuliwa habari yake. Phelesia alijua hayo. Alijua pia mumewe alichotaka: miaka hamsini ijayo wajukuu wasome siku mama yao alipoposwa.

Lakini macho yake hayakuyaona hayo. Katika nchi ile nyumba zilikuwa za udongo, ghala za fito, mazizi ya miti. Kitu kilichopewa simiti, kikapakwa chokaa, kikaezekwa mabati mawili, kikapandwa maua na kuandikwa jina na tarehe, kilikuwa kimoja tu. Na mwenye boma huzikwa mbele ya nyumba, upande wa kulia wa mlango, mkewe upande wa kushoto. Binti aliyekufa bila kuolewa hazikwi mbele. Yeye hupelekwa nyuma, karibu na ua.

Phelesia hakuyafikiria haya. Yalikuja yenyewe, kama njia ya kisimani inavyoijia miguu. Alisimama na kijinga cha moto mkononi hadi kikamchoma.

Jerusha, mjane wa ndugu yake Dalmas, aliyeishi boma la jirani, alipita kuomba chumvi. Alifika kwenye kona ya nyumba akasimama. Alisoma. Kisha akageuka akatazama mparachichi, akatazama kamba ya nguo, akatazama kila kitu isipokuwa pale.

"Nyieka," alisema, kama wake wa ndugu waitanavyo, "una mkeka mkubwa?"

"Ninao."

"Utandike."

Jerusha alisahau chumvi.

Je, angemwambia mumewe nini? Kitu kama hicho ukikisema umekiita. Ili aseme kinafanana na nini, ingembidi aweke jina la mwanawe na neno lile katika kinywa kimoja, katika pumzi moja, yeye mama mzazi aliyekesha wiki sita akimlisha uji kwa kijiko. Afadhali angemeza kaa la moto. Mchana, wakati Dalmas anakula, alijaribu kwa mbali.

"Baba Mourine, lile jina pale. Haliwezi kufutwa?"

"Simiti haifutwi." Dalmas akaacha tonge hewani. "Kwani lina kosa? Nimeruka herufi?"

Akainuka bila kunawa, akaenda nyuma na daftari, akalinganisha herufi moja moja. Aliporudi alikuwa ametulia.

"Liko sawa," alisema.

"Ndiyo," Phelesia akajibu. "Herufi ziko sawa."

Jioni ile alitandika mkeka, akauwekea mawe kwenye pembe ili upepo usiufunue. Dalmas alipouliza, alimwambia kuku watachafua.

*

Wageni walifika saa tano, wamejaa vumbi. Mzee Wangwe alikuwa mrefu, na kofia nyeusi ya sufi na bakora. Dada yake, Pauline, shangazi wa Levis, alikuwa mama mnene wa macho makali ambaye alilitazama boma lote kwa mara moja, kama mtu anunuaye ng'ombe. Levis mwenyewe alivaa tai na kutoka jasho. Waliosalia walikuwa jamaa na marafiki.

Dalmas aliwapokea mlangoni na kuwazungusha nyuma ya nyumba. Alikuwa ameazima viti vya kanisa, akapanga vinne juu ya kibaraza, ukingoni nyuma ya mkeka, na vingine kwenye nyasi chini ya mparachichi. Hapo kwenye kona Wangwe alisimama ghafla, na wote waliokuwa nyuma yake wakasimama.

"Ndugu yangu," alisema kwa upole, "tumekuja wakati mbaya?"

Dalmas hakuelewa swali. Alidhani wanaona haya kukanyaga mahali pasafi. Akaeleza basi, tena kwa kirefu: unene wa sakafu, kiasi cha mchanga kwa simiti, namna mteremko wa mabati unavyopeleka maji kwenye maua. Aliwaambia kule Kericho watu wakubwa hawawaketishi wageni ndani kwenye joto. Wangwe alisikiliza akiwa ameegemea bakora. Shangazi Pauline alikuwa akitazama maua.

Aliyewaokoa kwa kitambo ni Levis. Kijana aliona, akaelewa, akapanda kibarazani akavuta kiti akakaa, akasema hapa pana upepo mzuri, Baba Mdogo, njoo. Wangwe alimtazama. Kisha, polepole, aliinua mguu mmoja akauweka juu ya mkeka. Phelesia, aliyekuwa kwenye mlango wa jiko, aliomba kimoyomoyo. Mguu wa pili ukafuata. Wangwe alishika kiti, akaanza kuketi.

"Ngoja, ngoja kidogo," Dalmas alisema. "Kitu chenyewe bado hamjakiona."

Phelesia alipiga hatua, lakini mumewe alikuwa ameshaondoa mawe, na Wangwe ameshuka kumpisha. Alikunja mkeka kuanzia pembeni, akauzungusha vizuri kama alivyofunzwa kukunja vitambaa vya meza, akaushika kwapani. Akawasomea kwa kidole, herufi moja moja, kisha tarehe.

Wangwe alivua kofia.

Hakufanya hivyo kwa makusudi. Mkono ulikwenda wenyewe. Na wanaume wengine waliokuwa na kofia wakavua zao. Levis aliinuka kwenye kiti taratibu, akashuka chini, akajifuta viganja kwenye suruali. Dalmas alibaki peke yake juu ya kibaraza na mkeka kwapani, tabasamu likiwa bado usoni kwa sababu hakujua mahali pa kulipeleka.

Ni wakati huo Mourine alipotoka jikoni amebeba birika la maji ya moto na beseni, na taulo begani, amekuja kuwanawisha wageni. Aliwaona watu wazima kumi na mmoja wamesimama kimya, kofia mikononi, wameinamia jina lake. Wote wakageuka kumtazama. Shangazi Pauline alimtazama kwenye vifundo vya mikono, pale ambapo mwili hukonda kwanza.

"Karibuni mnawe," Mourine alisema.

Hakuna aliyesogea.

Wangwe alikuwa mtu mwenye adabu. Alisema mgongo wake unataka jua, kama wenyeji hawatachukizwa wangeomba kukaa mbele. Dalmas akamwambia mbele kuna vumbi la matrekta.

"Vumbi ni la Mungu," alisema Wangwe.

Kwa hiyo viti vya kanisa vikabebwa kupelekwa mbele, na wageni wakala kuku wakiwa wamefunika sahani kwa viganja kila trekta lilipopita. Walikula kidogo. Waliuliza habari za mvua na za bei ya miwa. Hakuna aliyemuuliza Mourine swali hata moja, wala hakuna bahasha iliyotolewa. Saa nane walishukuru kwa chakula, wakasema safari ni ndefu. Levis aliwaaga wazazi kwa mikono miwili, na Phelesia alihisi viganja vyake vimelowa.

Walipokwisha kuondoka, Dalmas alikaa kwenye kochi lenye springi, akauliza wamemkataa kwa kosa gani. Ndipo Jerusha, ambaye hakuwa mama wa yule binti na kinywa chake kilikuwa huru zaidi, alipomwambia.

Dalmas alifungua daftari, akautazama mchoro wake.

"Ni kibaraza," alisema mwishowe. "Mwenye kuona kaburi amekuja nalo machoni."

Lakini hakusema kwa nguvu. Kisha akamgeukia mkewe.

"Wewe uliliona."

"Nililiona."

"Ukanyamaza."

Phelesia aliinuka akaanza kukusanya sahani.

*

Kabla ya Krismasi Dalmas alimwita Gisiri abomoe. Gisiri alikataa pesa, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Alisema: "Mzee, mimi nilijenga kibaraza. Watu wanasema ile si kibaraza. Sasa nikirudi kuvunja, nimevunja nini?" Akaomba maji, akanywa, akaenda zake. Wanaume wawili wa jirani walioitwa walikuwa na kazi siku hiyo, na siku iliyofuata, na wiki yote.

Dalmas aliazima mtaimbo akajaribu mwenyewe. Alikuwa na miaka sitini na moja. Mtaimbo uliruka kama umegonga reli, kwa maana Gisiri aliambiwa asifanye kazi mbovu, naye hakuifanya. Baada ya siku mbili Dalmas alikuwa amevunja pembe moja, ukubwa wa mkate, na mikono yake imetoka malengelenge hata asiweze kushika kalamu. Jina lilikuwa zima.

Barua ya Wangwe ililetwa mwezi wa Januari, mwandiko ukiwa wa Levis. Ilisalimu boma lote kwa heshima. Ilisema hawana neno baya juu ya binti. Lakini boma lililofungua kaburi na kulitajia jina ni lazima lilifunge kwa njia ya wazee, na hilo likifanyika, wao wako tayari kuzungumza.

Jaduong' Nyagowa, mzee wa ukoo, aliitwa. Alieleza kilichojulikana na wote. Mtu akizama ziwani na mwili usipatikane, huchukuliwa tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia mtini kama gogo. Huvikwa shuka, huitwa kwa jina la mtu yule, huzikwa mahali pake, na kaburi hutosheka. Hapa napo, kaburi lilikuwa limetajiwa mtu. Likiachwa wazi litamngoja. Likipewa yago, litanyamaza, na sakafu itavunjika.

Dalmas alisema yeye ni msomaji wa kanisa, hawezi. Alisema hivyo siku tatu. Siku ya nne alimkuta mkewe ameketi jikoni bila moto, akamtazama, akatoka nje, akasema kwa mtu yeyote aliyekuwa akisikia: "Lileteni hilo tunda."

Sauti ile ilimuumiza Phelesia kuliko barua. Alikuwa ameishi na majivuno ya mtu huyu miaka thelathini, akayachoka mara nyingi, lakini hakuwahi kutaka kuyaona yamelala chini.

Mourine aliitwa kutoka Homa Bay, kwa kuwa ilibidi awepo. Alifika Jumamosi asubuhi, akakuta shimo dogo limechimbwa ubavuni mwa kibaraza, na Jaduong' Nyagowa ameketi kwenye stuli. Kwenye nyasi lililala tunda la yago, limefungwa shuka nyeupe kama mtoto mchanga. Phelesia ndiye aliyetakiwa kuita jina. Mama mzazi, mara tatu.

Mourine aliuliza kazi hii ni ya nini, akaelezwa. Aliuliza jina litakaloitwa ni la nani, ingawa alijua. Akaelezwa.

"Mkishanizika," alisema, "Wangwe atamwoza Levis nani?"

"Si wewe, mwanangu," Jaduong' Nyagowa alisema kwa huruma. "Ni tunda tu."

"Basi, Baba, liiteni tunda."

Mzee alimtazama Dalmas, na Dalmas akatazama malengelenge yaliyokauka mikononi mwake. Phelesia alijua kwamba sasa neno lilikuwa lake. Angeita, binti yake angeweza kuolewa. Angenyamaza, angebaki nyumbani mwa baba yake hadi uzeeni, na kibaraza kile kikimngoja huko nyuma. Alijaribu. Midomo ilikutana kwa herufi ya kwanza, ikagoma kufunguka. Alijaribu tena. Mwishowe aliketi chini pale pale, juu ya udongo uliochimbwa, akatikisa kichwa.

Jaduong' Nyagowa alichukua bakora yake. Hakukasirika. Alisema amefanya yaliyo yake.

*

Levis aliandika mara moja zaidi. Alisema hawezi kuvuka neno la ami yake, kwa sababu ndiye aliyemlea, na kwamba atasubiri. Mourine aliisoma ile barua jikoni mwezi uliofuata, alipokuja tena nyumbani, akaikunja, akasema kwamba mwanamume akiandika atasubiri, huwa ameshaondoka. Alisema bila kulia. Phelesia angependa alie.

Jumapili, kabla ya kurudi kazini, Mourine aliamka mapema akapika chai mwenyewe. Dalmas alikuwa kanisani. Walikuwa wamempa mtu mwingine zamu ya kusoma, lakini alikwenda. Jua lilikuwa limepanda juu ya ua la minyaa. Mourine alimimina vikombe viwili, akavibeba nje, akapanda juu ya kibaraza na kuketi sakafuni, karibu na pembe iliyovunjika, miguu ameinyoosha. Akaweka kikombe cha pili upande wake.

Palikuwa pazuri. Hilo Phelesia aliliona kutoka mlangoni, na ndilo lililomchoma. Kivuli cha mabati kiliangukia magoti ya binti yake, maua mekundu yalikuwa yameshika vizuri kwa mvua, na upepo ulipita hapo kama Dalmas alivyosema utapita. Huko mbele trekta lilinguruma, na vumbi lake halikufika.

"Mama," Mourine aliita bila kugeuka, "njoo tunywe chai."

Phelesia alivua aproni. Aliitundika kwenye msumari. Alishuka kizingiti cha jiko, akatembea hadi ukingo wa chokaa, na hapo miguu ikasimama. Aliiambia iende. Alijiambia ni sakafu, ni simiti mifuko miwili na nusu, ni mbuzi wake mwenyewe wawili. Mtoto wake alikuwa pale juu, mzima, mnene, anapuliza chai.

"Chai inapoa, Mama."

"Nakuja, mwanangu," alisema Phelesia, na akabaki amesimama.